Alovera Isiyo Chungu

Mwanangu, katika asubuhi zote za ujana wangu iko moja ninayoikumbuka vizuri kuliko nyingine, na haikuwa asubuhi ya kuokota dhahabu. Nilikuwa nimechuchumaa mbele ya jiko la mkaa, uani kwa Bibi Robi, pale Turwa, pembezoni mwa mji wa Tarime. Ndani ya sufuria nilikuwa nachemsha kinywaji cha dukani. Bibi Robi alikaa kwenye kigoda, mguu wa kushoto kaunyoosha juu ya gunia, kidole gumba kimefungwa bendeji. Akaniuliza:

"Wewe binti wa Manchira, unapika nini ambacho kiwandani wameshakipika?"

Nilitaka kuona tu.

Nitakueleza nilichokiona, ila nianze nyuma kidogo.

Shule niliiacha darasa la tano. Sikufukuzwa wala sikukosa ada. Miguu yangu haikukubali kukaa. Nilizaliwa Manchira, kule liliko bwawa linalowanywesha watu wa Mugumu, na nilipoanza kutembea sikuacha. Nimefua nguo za watu, nimebeba mizigo ya wafanyabiashara mpakani Sirari, nimepika kwenye kambi za barabara. Kila nilipofika nilitaka kujua kitu kimetengenezwaje, na tabia hiyo imenipatia maadui na marafiki kwa kiasi kinachokaribia kulingana. Kisha ikaja habari ya dhahabu, na mimi nikaenda kama wengine.

Ninyi mnayaona machimbo ya leo, mnadhani ndivyo yalivyokuwa. Wakati ule ilikuwa ukisikia kijana wa fulani amepata, kesho yake nusu ya kijiji imehama na majembe. Wanaume waliingia kwenye maduara, yale mashimo ya kuchimbia mawe, na sisi wanawake tukaponda mawe hayo kwa nyundo tukiwa tumejifunga khanga puani. Vumbi lilinipata kifuani. Nilikohoa mpaka mwenye duara mmoja, kijana wa Kikurya aitwaye Marwa, akaniambia, "Dada, wewe utatufia hapa. Mama yangu ana chumba kitupu Turwa. Nenda kapange, ufanye biashara nyingine." Nikaenda. Nikaanza kuchukua nguo za mitumba Sirari na kuziuza Tarime mjini, na jioni nikawa narudi kwa Bibi Robi.

Bibi Robi alikuwa mama yake Marwa. Mjane, mrefu, mkulima wa wimbi na ndizi, na mtu ambaye hakusema uongo hata pale uongo ungemsaidia. Jirani akimuuliza kama kitambaa chake kinampendeza, alimwambia hakimpendezi. Alikuwa na kisukari. Aligundulika mwaka mmoja kabla sijahamia, na tangu siku hiyo aliacha sukari kwenye chai. Usidhani lilikuwa jambo dogo. Wewe unajua chai ya kwetu, ya maziwa, inayochemka mpaka inakuwa rangi ya udongo. Aliipenda tamu mno. Aliacha siku moja, wala hakulalamika. Soda nayo akaacha. Alikunywa vidonge vyake kila asubuhi, akilitazama jua kama anayelihesabia saa.

Sasa Marwa akapata. Duara lake lilifika kwenye mkanda mzuri wa mawe, na kwa miezi kadhaa alikuwa mtu anayesalimiwa kwanza. Mazoea ya kule, kijana akipata chochote, mama yake ndiye anayekionja mapema. Wenzake walikuwa wakipeleka nyumbani blanketi, bati, na juu ya yote mfuko wa sukari. Sukari ndiyo iliyokuwa heshima yenyewe. Mama anaupokea mfuko mbele ya majirani, anauweka mahali unapoonekana. Marwa hakuweza kupeleka sukari kwa mama mwenye kisukari. Jambo hilo lilimkera kweli. Aliniambia mara moja, "Mimi ndiye ninayepata kuliko wote, na mimi ndiye ninayekwenda nyumbani mikono mitupu."

Basi akatafuta kitu kingine, akakipata Sirari. Chupa za rangi ya kijani, ndani maji mazito kidogo yenye vipande vinavyoelea, nje picha ya jani nene la alovera linalodondosha tone. Zilitoka ng'ambo ya mpaka, na kabla ya hapo zilitoka mbali zaidi.

Hapa uelewe vizuri, mwanangu, maana kosa lenyewe liko hapa. Alovera hatukuifahamu kwenye chupa. Kwetu ni mshubiri, ule unaoota kwenye ua na kwenye mawe. Mama anayemwachisha mtoto ziwa hupaka utomvu wake, mtoto akionja mara moja harudi tena. Kuku wakiingiwa na kideri tunawakatia jani kwenye maji. Mtu akiungua tunampaka. Tangu utotoni tulijua mshubiri ni dawa kwa sababu ni mchungu, na kitu kichungu hakiwezi kuwa na sukari. Mtu asiyeujua mshubiri angekisoma kinywaji kile kama kinywaji. Sisi tulioujua ndio tulioamini kuwa ni dawa.

Na jambo la pili. Marwa alikuwa anaishi machimboni, na machimboni hakuna aliyekunywa maji ya mtoni. Watu walioshea dhahabu humo humo kwa zebaki, na sote tulishaambiwa zebaki inafanya nini tumboni. Kwa mtu wa machimbo, kitu salama kilikuwa kitu chenye kizibo ambacho hakijafunguliwa. Akichanganya hayo mawili, dawa ya kwetu ndani ya kizibo cha kiwandani, Marwa aliona amepata zawadi bora kuliko sukari ya wenzake.

"Mama, hii ni mshubiri mtupu," alisema siku alipozileta, amebeba kreti begani kama mtu aliyerudi na ng'ombe. "Wametoa uchungu tu kwa mashine. Dawa imebaki."

Bibi Robi akaonja. Akaonja tena. "Hiyo mashine," akasema, "ingekuwepo nilipokuwa nakuachisha ziwa, ungenyonya mpaka leo."

Tukacheka wote. Naye akaanza kunywa. Asubuhi baada ya vidonge, mchana badala ya maji, jioni akiwa amechoka na shamba. Alikuwa na kiu muda mwingi, na kinywaji kilikuwa kinashuka vizuri. Kreti ikiisha Marwa aliagiza nyingine.

Kidole kile cha mguu alikikata kwa jembe wakati wa palizi. Kidonda kidogo tu, cha kufuta na kuendelea. Lakini hakikupona. Kikawa chekundu, kisha cheusi pembeni, na harufu ikaanza. Nilimsindikiza kliniki ya kisukari hapo mjini. Muuguzi alikuwa mama wa makamo, mwenye haraka kwa sababu foleni yake haikuwa na mwisho. Akampima, akakunja uso.

"Bibi, sukari imepanda sana. Unakunywa soda?"

"Sijaigusa tangu mwaka juzi."

"Chai?"

"Nainywa chungu kama adhabu."

"Bibi, unanificha kitu."

"Nikufiche nini, na kidole hiki unakiona?" Bibi Robi alisema kwa sauti ya kawaida, lakini nilimwona mkono umekaza khanga. Hakuwahi kuitwa mwongo mbele ya watu.

Muuguzi akapunguza ukali. Akamwongezea dawa, akamsafisha kidonda, akamweleza wazi: arudi wiki inayofuata, na kama sukari haijashuka kidonda hakitafunga, na wakichelewa hawatakuwa wanazungumzia kidole tena, watazungumzia mguu. Nilisikia vizuri. Bibi Robi naye alisikia. Tulipofika kwenye ndizi zake akasema, "Mguu mmoja haulimi wimbi."

Nyumbani alikunywa chupa moja ya alovera kutuliza moyo. Nilimfungulia mimi mwenyewe.

Basi maneno ya watu yakaanza. Unaijua dhahabu inavyozungumzwa. Mtu akipata sana husemwa kuna alichotoa. Wengine husemwa wametoa mtoto, wengine wametoa akili zao wenyewe. Kisimani nikawasikia wanawake wawili, hawakujua nipo nyuma yao.

"Ile ya Marwa inakula kuanzia chini. Imeanza na kidole."

"Na duara linazidi kutoa."

"Kwani wewe ungefanyaje? Lazima litoe, limeshalipwa."

Nilimweleza Bibi Robi, maana angeyasikia tu. Akatoa kicheko kifupi. "Kama dhahabu inataka mguu wa kizee kama mimi, basi haina akili ya biashara." Lakini Marwa hakucheka. Yalimfikia machimboni, na wenzake kule walikuwa na waganga wao, na kila mganga ana la kusema. Nikasikia ameacha kuingia duarani. Anakaa juu, anawatazama vijana wake wakishuka. Akatuma ujumbe kwamba siku ile ile ya kurudi kliniki atakuja na gari kumchukua mama, ampeleke kwa mganga mmoja ng'ambo ya Isebania, aliyesifika kwa kufungua watu waliofungwa na mali. Kliniki ingesubiri.

Sasa unaona kilichokuwa mezani. Kule kulikuwa na mganga na safari ya siku nzima. Huku kulikuwa na kidonda ambacho hakikuwa na siku ya kupoteza.

Mimi sikuwa na la kusema juu ya mganga. Nilikuwa mpangaji. Siku mbili kabla ya siku hiyo ya kliniki nilikwenda Sirari kuchukua mitumba yangu, na Marwa alikuwa ameniomba nimchukulie mama kreti nyingine kwenye duka lile lile. Muuzaji alikuwa kijana mcheshi wa upande wa pili, anayezungumza Kiswahili cha kule, kinachomwita mama mathe.

"Karibu kastama! Ni ile ya mathe? Hiyo inaenda mbio siku hizi."

Nikaishika chupa, nikaigeuza. Udadisi wangu ule ule. Nikamuuliza, "Hii ni mshubiri kweli?"

"Si unaona picha?"

"Mbona si chungu?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa mbona mvua ni maji. "Siste, nani atanunua kitu kichungu? Wewe ungenunua?"

Akaendelea kuhudumia wengine. Yeye hakujua amesema nini. Mimi nilisimama pale na kreti yangu, watu wa malori wakinisukuma wapite, nikawa nafikiri: kama uchungu umeondoka, mahali pake pamekaa nini? Maana uchungu wa mshubiri hauondoki kirahisi. Nimewahi kukata jani lake nikanawa mikono mara kadhaa, na bado ugali wa jioni ukawa mchungu.

Ndiyo maana asubuhi ile ya kliniki nilikuwa nimechuchumaa mbele ya jiko.

Machimboni kuna kazi moja ambayo kila mtu anaifanya, tajiri na maskini. Jiwe linaweza kung'aa mpaka likakudanganya. Hakuna anayelinunua kwa kulitazama. Unachukua kipande chake, unakiponda, unakiosha kwenye karai, unakichoma, kisha unatazama kilichobaki. Kilichobaki ndicho kilichokuwemo. Kinywaji sikuweza kukiponda wala kukiosha, lakini kukichemsha niliweza. Nikamimina chupa nzima kwenye sufuria, nikatoa vile vipande, nikaacha maji yaondoke.

Kwanza kilichemka kama chochote kinavyochemka. Kisha mapovu yakawa makubwa na mazito, yanapasuka polepole. Rangi ikageuka, kutoka maji maji ikawa ya asali, kisha ya kahawia. Harufu ikaja, na hiyo harufu wewe unaijua, ni ya wanaotengeneza kashata. Nikachovya kijiko nikakiinua, uzi mrefu ukafuata. Nikaepua.

Bibi Robi akaninyoshea mkono, nikampa kijiko. Akasubiri kipoe, akalamba ncha yake. Nilimwona anaitambua sukari. Ni kama mtu anayekutana na jamaa aliyeapa hatamwona tena.

"Hiki ndicho nilichokunywa?"

"Hicho, bibi. Chupa moja."

"Moja tu imetoa yote haya?"

Nikamwinamishia sufuria. Chini kulikuwa na shira nzito inayotembea taratibu.

Akatazama makreti matupu aliyokuwa ameyapanga ukutani, yale aliyokuwa anaoteshea miche ya mboga. Hakuyahesabu. Akasema tu, "Basi yule mama wa kliniki hakunionea. Aliuliza soda. Hakujua jina jingine la kuuliza, na mimi sikujua jina jingine la kujibu."

Gari la Marwa likasimama nje. Akaingia haraka, amevaa koti jipya, macho ya mtu ambaye hajalala. "Mama, twende. Mganga anataka tufike kabla ya saa sita."

"Kaa chini, mura," akamwambia, kama Wakurya wanavyomwita kijana.

"Mama, muda..."

"Nimesema kaa."

Akakaa kwenye ukingo wa baraza. Bibi Robi akampa sufuria aishike, na kijiko. Akamwambia alambe. Akalamba. Akamwambia ni ile alovera yake, imechemshwa tu. Marwa akanigeukia mimi, akarudi kwa mama, akasema, "Haiwezekani. Picha ni mshubiri."

Nitakupa maneno ya Bibi Robi kama nilivyoyasikia, maana kwa ajili ya maneno hayo ndiyo nimeandika yote haya.

"Marwa, jiwe la dhahabu unalitoa chini kwa jasho, na bado huliamini. Unaliponda. Unaliosha. Unalichoma. Ndipo unasema hili lina kitu, hili halina. Picha iliyobandikwa kwenye chupa hukuiponda wala hukuichoma. Uliileta moja kwa moja mdomoni kwa mama yako. Mshubiri uko hapo kwenye ua, unapita kila siku na hujawahi kuniambia, mama, kunywa. Kwa nini? Kwa sababu unaujua. Huu wa dukani ulikuwa huujui, ndiyo maana ukauheshimu."

Marwa akainamisha kichwa. Nilidhani amemaliza. Hakuwa amemaliza.

"Na kuna la pili, hilo ndilo lililoniumiza. Watu wamesema umeuza mguu wangu. Watu husema. Lakini wewe, mwanangu, ulianza kuwaamini. Umeacha kuingia duarani. Umekodi gari unipeleke nikafunguliwe kitu ambacho hukukifunga. Ulijiona una hatia usiyokuwa nayo, na ile uliyokuwa nayo ukaibeba begani kwa furaha, kreti baada ya kreti."

Kijana yule mkubwa, aliyekuwa akishuka shimoni kwa kamba bila kutetemeka, alilia pale barazani. Akasema, "Mama, nilikuwa naogopa hata kuishika dhahabu. Nikiishika naona kidole chako."

"Basi sasa shika usukani," akamwambia. "Tunakwenda kliniki."

Tukaenda wote watatu, na chupa moja iliyojaa mfukoni mwangu. Yule muuguzi akaisoma ubavuni, akakaa. Sikumwona akikaa mara nyingi. Akatuonyesha. Kitu cha kwanza kilichoandikwa ni maji, cha pili ni sukari, na alovera ilikuja baadaye sana, karibu na rangi na manukato. Akatueleza kwamba vitu hupangwa hivyo, kilicho kingi kinatangulia. Akatuonyesha pia maandishi madogo ya kiasi cha sukari, yamehesabiwa kwa kikombe kidogo tu, wakati hakuna mtu anayefungua chupa ile anywe kikombe kidogo. Kisha akamwambia Bibi Robi, "Nisamehe, mama. Nilipaswa kukuuliza unakunywa nini, badala ya kukuuliza kama unakunywa soda." Bibi Robi akasema amesamehe, ila foleni ni ndefu, waendelee.

Sitakudanganya kwamba mambo yaliisha vizuri yote. Kidole kilikatwa. Nyama ilikuwa imeshakufa, hakukuwa na namna. Lakini sukari ilishuka ndani ya muda mfupi baada ya chupa kuondoka nyumbani, kidonda kikafunga, na mguu ukabaki. Alilima wimbi miaka mingi baada ya hapo, akitembea kwa kuegemea upande kidogo. Marwa alirudi duarani, lile duara likaja kukauka kama maduara yote, akanunua ng'ombe, akatulia. Na wale wa kisimani hawakubadilisha maneno yao. Walisema dhahabu imechukua kidole ikatosheka. Tuliwaacha.

Alichokunywa Bibi Robi badala yake ni vitu ambavyo Marwa aliona aibu kumletea mama. Maji ya kisima, yamechemshwa, yamepoa kwenye mtungi, yametiwa limau. Chai ya mchaichai, na siku nyingine ya tangawizi, bila kitu. Maziwa ya mgando, kikombe na si kibuyu. Uji wa wimbi aliunywa mwepesi, bila sukari, akiuhesabu kama chakula, si kama maji, maana wimbi nao ukizidi unapandisha. Machungwa aliyala, hakuyakamua, kwa sababu chungwa moja linashibisha, lakini glasi moja imemeza machungwa mengi. Ukwaju ukifika kutoka Serengeti aliuloweka akaunywa na ukali wake. Mwanzoni alikunja uso. Baada ya muda ulimi wake ulijifunza, na siku nilipomwekea sukari kidogo kwa bahati mbaya aliniuliza kama nimeosha kikombe.

Mwanangu, mimi sasa nimezeeka, nimerudi Manchira, na miguu yangu imekubali kukaa kwa sababu haina la kufanya. Naona vijana wa pikipiki wanasimama kwenye vioski, wananunua chupa zile zile za kijani, zimebadilishwa jina tu. Wanamnunulia mama, mke mjamzito, mtoto aliyetoka hospitalini. Wananiambia, "Shikamoo bibi, hii si soda, hii ni afya." Naitikia marahaba, nawaomba niione chupa, nageuza ubavu.

Ninachotaka ukishike ni hiki. Mmea mchungu ukiwa mtamu, kuna mtu aliyeutia utamu, na uulize aliutia kwa nini na kiasi gani. Geuza chupa kabla ya kuifungua. Sukari ina majina mengi. Asali ni sukari, shira ya mahindi ni sukari, juisi ya zabibu iliyokolezwa ni sukari, na majina mengi yanayoishia na "ose", kama "glucose", ni ya ukoo huo huo. Ikiwa moja limekaa karibu na mwanzo wa maandishi, hesabu kuwa umeshika soda yenye jani. Huwezi kusoma Kiingereza chake? Mimi pia sikuweza. Mpe anayeweza, au uchemshe. Ukiipenda kwa ladha yake na mwili wako ni mzima, kunywa siku moja moja ukijua unachokunywa. Sijasema ni sumu. Mwenye kisukari asiiguse kama dawa.

Wala usiniambie kwamba basi utakata jani la uani ulikamue unywe. Utomvu ule wa njano unaharisha vibaya, na unaweza kugombana na vidonge vya hospitali. Mshubiri upake ulipoungua. Mgonjwa wako akienda kliniki, mpelekee muuguzi kila kitu anachokunywa, hata kile mnachokiita dawa, hata kile mlichompa kwa upendo. Hasa hicho. Na ukimpenda mama yako, usimpelekee kitu kwa sababu jirani atakiona. Kaa naye uone anakunywa nini. Mchemshie maji yake, yapoe, umpe kwa mkono wako.

Nami nakuombea. Upate mali, na mali yako isiwatie watu wako hofu. Mama yako azeeke mbele yako akiwa anakukaripia. Watoto wako wakue wakiujua uchungu na utamu kila kimoja kwa jina lake. Na Mungu akujalie, mpaka uzee wako, kiu inayokatwa na maji.